Sindano Niliyomchoma Maksai Gotini

Maksai ninayemzungumzia hapa hakuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu kijijini kwetu, huku upande wa Ikungi, kila mtu humwita maksai wangu, na kwa miaka mingi niliwaacha waseme hivyo. Alikuwa wa mke wangu. Mama yake alikufa mwaka wa ukame, ndama akiwa na siku nne, nami nikasema huyu naye atakufa, tusipoteze maziwa. Mke wangu alichukua chupa ya soda, akaifunga kitambaa mdomoni, akamnyonyesha maziwa ya mbuzi mpaka akajua kula majani. Hata leo akisikia chupa imegonga kitu anageuza kichwa.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nilichunga ng'ombe wa watu, nikalipwa ndama, ndama akazaa, na kutoka hapo nikajenga nyumba ya tofali za kuchoma, nikaiezeka bati, nikasomesha watoto sita, na mashine ya kukamua alizeti iliyopo pale senta ni yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Basi na makosa yangu nayafanya mwenyewe vilevile, na hili ninaloandika ni mojawapo.

Asiyelima kwa maksai hajui kwamba kwenye nira kila mmoja ana upande wake. Wa kushoto anatembea juu, kwenye ardhi ambayo haijalimwa. Wa kulia anatembea chini, ndani ya mfuo, pale plau ilipopita. Huyu wa mfuo ndiye mwenye kazi. Bega lake liko chini kuliko la mwenzake, na mkifika mwisho wa shamba anageuka uzito wote ukiwa kwenye mguu mmoja. Huyu wetu alikuwa wa mfuo kwa misimu tisa. Ukimhamishia kushoto anasimama tu, anakutazama kama vile umemtukana.

Msimu wa kumi, mvua za kwanza zilipolainisha udongo, nilimfunga nira kama kawaida. Tulilima mistari miwili vizuri. Wa tatu, alipofika mwisho wa shamba, alisimama akanyanyua mguu wa mbele wa kulia, akauning'iniza hewani kama mtu aliyekanyaga mwiba. Nikatafuta mwiba, sikuuona. Goti lilikuwa limevimba, na nilipoliwekea kiganja lilikuwa la moto.

Sisi wafugaji wa huku tuna tabia moja, na siwezi kuificha kwa kuwa ni yangu pia. Kila nyumba yenye zizi ina chupa ya ile dawa ya manjano, na bomba la sindano lililochemshwa mpaka namba zake zimefutika. Ng'ombe akikohoa, tunachoma. Akikataa majani, tunachoma. Akichelewa kuzaa, yupo atakayechoma. Hakuna anayeuliza mnyama anaumwa nini. Mimi nami nikamchoma maksai dawa ya manjano siku tatu mfululizo. Hakuna kilichobadilika isipokuwa chupa ilipungua.

Baba yangu angetumia chuma. Unakiweka kwenye makaa mpaka kinakuwa chekundu, unapiga mistari mitatu juu ya goti, na ng'ombe akipona unasifiwa, asipopona mnakula nyama. Siku ya nne nikawasha makaa nikaweka chuma. Mke wangu akatoka jikoni na kigoda chake na ungo wa mlenda, akakaa hapohapo mbele ya maksai, akaanza kuchambua. Alichambua mlenda jani moja moja mpaka makaa yakazimika, kisha akainuka akaenda kupika.

Nyumbani kwangu nilikuwa na sheria: mnyama asiyefanya kazi anaondoka. Punda aliondoka, mbwa aliyeacha kubweka aliondoka, na sikuona kwa nini maksai awe tofauti. Kwa hiyo mchinjaji wa pale senta alipopita nikamwita. Ni mtani wangu, mtu wa maneno. Alimzunguka maksai, akanitazama na mimi nilivyokuwa nimesimama, maana goti langu la kulia nalo lina matatizo yake, akasema, "Mtani, naona wote wawili mnachechemea. Nimchukue yupi?"

Nikamwambia amchukue mwenye nyama. Tukapatana aje Alhamisi.

Mke wangu alisikia. Hakugombana nami. Aliendelea kumpelekea maksai mashudu ya alizeti kwenye beseni, asubuhi na jioni, ila aliacha kuniita babu. Tangu wajukuu waanze kuzaliwa ananiita babu, nami namwita bibi. Siku ile akaanza kuniita mzee, kama wanavyoniita watu wa serikali. Mzee, chakula tayari. Mzee, maji ya kuoga yapo. Nilivumilia siku moja na nusu, kisha nikampigia simu bwana mifugo.

Bwana mifugo wa kata yetu ni binti. Kwa umri analingana na mjukuu wangu wa kwanza, lakini cheo kinaitwa hivyo, watu wanamwita hivyo, na yeye anaitika. Alikuja kwa pikipiki, amevaa gambuti, akaniamkia shikamoo, nikaitika. Kabla hajamgusa maksai aliuliza nimemchoma nini. Nikaleta chupa. Akaisoma mbele na nyuma, akaniambia dawa hii inaua vijidudu, na anavyoliona goti hili halina vijidudu, labda nilipomchoma nilikuwa namtafutia ugonjwa mwingine. Nilitaka kukasirika, ila alikuwa ameshapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, kwa hiyo nikaacha.

Aliukunja mguu na kuukunjua taratibu. Akachukua mkono wangu akauweka juu ya goti, akaukunja tena. Chini ya kiganja nilisikia kitu kinasagika, kama mchanga ulioingia kwenye unga. Akasema huo ni ugonjwa wa viungo, ule ulaini unaokaa kati ya mfupa na mfupa umelika, ni misimu tisa ya mfuo. Hautapona kabisa. Lakini ipo sindano ya kupunguza uvimbe na maumivu, siku tatu, na akipumzishwa anaweza kutembea vizuri. Sikupenda alivyotamka misimu tisa, maana aliyeshika plau misimu yote hiyo ni mimi.

Kisha akasema ng'ombe akishachomwa dawa hizi nyama yake hailiwi mwezi mzima.

Nikamweleza kwamba mchinjaji anakuja Alhamisi. Akairudisha sindano kwenye boksi lake, bila haraka.

"Basi chagua, baba. Nikimchoma leo, Alhamisi hachinjwi. Ukitaka achinjwe Alhamisi, mimi simchomi."

Mke wangu, aliyekuwa ameshika kamba, akasema, "Mchome."

Akachoma shingoni. Nikamwambia, "Mwanangu, kinachouma ni goti."

"Nimeliona, baba."

"Sasa shingo imekukosea nini?"

Akacheka, akanieleza kwa heshima kwamba damu ndiyo inayobeba dawa, inazunguka mwili mzima, inafika gotini yenyewe. Niliitikia kwa kichwa kama unavyoitikia mbele ya mkwe anayezungumza sana.

Kesho yake maksai alikanyaga chini. Hakuegemea mguu wote, ila alikanyaga, na mke wangu alipeleka beseni la mashudu limejaa kuliko siku zote. Bwana mifugo alikuwa na chanjo ya kuku katika vijiji vya mbali, hivyo siku ile ya kwanza aliniachia dawa ya siku mbili zilizobaki. Alinipa bomba jipya na sindano mpya, akachora kwa kalamu mahali pa kuishia dawa, akanionyesha sehemu ya shingo kwa kidole, akanifanya nirudie maneno yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikarudia yote bila kukosea.

Nilipomwona anakanyaga nusu nikaanza kufikiri. Nimelima vitunguu, najua maji. Maji yanayofika mwisho wa mfereji hayalingani na yale yaliyotoka mwanzo, mengine yananywewa na udongo njiani. Kutoka shingo ya maksai mpaka goti lake ni mbali. Nikaona wazi kwamba dawa nusu inapotea mabegani na kifuani, kwenye viungo visivyo na shida yoyote, ndiyo maana mnyama amepata nafuu nusu. Mke wangu alikuwa ameenda mashineni. Nilimfunga maksai kwenye nguzo, nikapapasa ule uvimbe mpaka nikapata pale palipo laini, nikaingiza sindano gotini na dawa yote ikaenda.

Hakupiga teke. Aliguna, akageuza kichwa akanitazama. Mimi nilijisikia vizuri sana. Niliosha bomba nikaliweka dirishani, nikaenda kunywa chai.

Asubuhi iliyofuata hakuinuka. Goti lilikuwa kama boga, na alikuwa anahema mdomo wazi. Nikamwambia mke wangu ugonjwa umezidi, hizi dawa za kisasa ndivyo zilivyo. Alipiga magoti, akapangua manyoya ya goti kwa vidole polepole, mpaka akapata tone dogo la damu iliyokauka. Akaniuliza jana nilichoma wapi. Nikasema shingoni. Akaniuliza tena, safari hii kwa Kinyaturu, na kwa lugha hiyo sijawahi kuweza kumdanganya.

"Wewe goti lako likikusumbua," akasema, "pale zahanati wanakuchoma wapi?"

Nikainama nikaokota kamba.

"Nimekuuliza, mzee. Wapi?"

"Takoni."

"Na umewahi kumwambia nesi kwamba amekosea mahali?"

Nikaingia ndani nikachukua simu. Nimewahi kusimama mbele ya hakimu kwa kesi ya mpaka wa shamba na sauti yangu haikutetemeka. Siku ile nilimweleza binti wa watu nilichofanya, na nilipomaliza akasema, "Baba, usimguse mpaka nifike."

Alifika mchana huohuo, mvua inanyesha, tope mpaka mapajani, pikipiki ameiacha kwa jirani kwa sababu korongo lilikuwa limejaa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliosha mikono kwa sabuni mara mbili, akanyoa manyoya ya goti, akalisafisha kwa dawa mpaka ngozi ikawa nyeupe, ndipo akaingiza sindano safi na kuvuta maji yaliyokuwa ndani. Akaniinulia bomba nitazame kwenye mwanga. Yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Alisema maji ya goti lisilo na ugonjwa huwa maangavu na yanavutika kama ute wa yai. Hata yeye, alivyonyoa na kusafisha vile, anaingia humo kwa hofu. Mimi niliingia na uchafu wa zizi juu ya ngozi. Goti lililokuwa halina vijidudu sasa linavyo, na niliyeviingiza ni mimi.

Nikamuuliza sasa itakuwaje. Alijibu moja kwa moja, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Siku tano za sindano nyingine, ya kuua vijidudu. Asipoinuka ndani ya siku tano, itabidi auawe asiteseke, na kwa kuwa amejaa dawa hataliwa, atazikwa. Hata mchinjaji hatakuwa na kazi naye.

Nikamuuliza shimo la ukubwa gani.

"La ukubwa wa ng'ombe, baba," akasema.

Siku zote tano alikuja mwenyewe. Hakuniachia chupa tena, na mimi sikuomba.

Ng'ombe akilala upande mmoja muda mrefu, miguu ya chini inakufa ganzi na ngozi inaoza. Kwa hiyo ilibidi tumgeuze, asubuhi, mchana na jioni, sisi wazee wawili. Tulijaza majani makavu kwenye viroba tukamwegemeza. Mimi nilisukuma mgongo na kuvuta kamba, mke wangu alishika kichwa na kumsemesha. Anamsemesha Kinyaturu siku zote, na wakati ule wa kusukuma, uso wangu ukiwa umebanwa kwenye mbavu za maksai, nilisikia mambo ambayo katika miaka arobaini ya ndoa sikuwahi kuambiwa. Alimwambia kwamba mlango wa nyumba ulitakiwa utazame jikoni, ila kuna mtu alitaka utazame barabarani ili wapita njia waone bati. Alimwambia kwamba huyu anayekusukuma anakoroma mpaka kuku wanahama. Alimwambia alivyopakiwa kwenye baiskeli, mimba ya miezi tisa, kwenda kujifungua Ikungi, na huyuhuyu akamwangusha mara mbili, na mara zote mbili akasema kosa ni la barabara.

"Ilikuwa barabara kweli," nikasema nikiwa nyuma ya mgongo.

"Unamsikia?" akamwambia maksai.

Siku ya nne maksai alikuwa anakula akiwa amelala, ila mguu hausogezi. Nikachukua sururu nikaenda nyuma ya zizi kuanza shimo, maana mimi si mtu wa kushtukizwa na kazi. Nilichimba mpaka kina cha goti, nikaacha. Nilijiambia ni uchovu. Mke wangu alipita na ndoo ya maji, akaliona shimo, akaniona na mimi nimekaa ukingoni, akaweka ndoo chini akakaa karibu nami kidogo. Kisha akaondoka.

Siku ya tano bwana mifugo alichoma sindano ya mwisho, akarudi nyuma hatua tatu. Watu wengi wameona ng'ombe wakiinuka ila hawajaangalia. Ng'ombe anainua kwanza sehemu ya nyuma, na kwa muda huo mbele anakuwa amepiga magoti, mzigo wote uko kwenye magoti hayo mawili. Maksai aliinua nyuma. Akabaki hivyo, makalio juu, magoti chini, lile bovu likiwa chini kama zima, anatetemeka mabega. Alikaa hivyo muda wa mtu kumaliza sahani ya ugali. Nilitaka kumvuta kwa kamba. Bwana mifugo akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikuzitegemea, akatikisa kichwa. Tukangoja. Maksai akahamisha uzito kushoto kidogo, kidogo tena, akatoa mguu mmoja mbele, akasimama.

"Babu, umeona?" mke wangu akasema.

Nikasema nimeona.

Bwana mifugo alituambia atatembea na atachunga, ila kulima basi, asivalishwe nira tena maisha yake yote. Miezi ya baridi, upepo wetu huu wa mwezi wa sita na wa saba ukianza, goti litamsumbua, na tukimwita atakuja kumchoma ile ya maumivu. Aliyasema haya akinitazama mimi, kwa sababu sheria ya nyumba yangu inajulikana kata nzima. Nilimtuma mke wangu amfungie jogoo aende naye. Yule jogoo alikuwa hana kasoro yoyote, alikuwa anafanya kazi yake vizuri sana. Shamba mwaka ule nililima kwa trekta la kukodi, na kwenye shimo la nyuma ya zizi nikapanda mpapai.

Mwezi ulipokwisha mtani wangu mchinjaji alikuja na kamba begani, akasema siku zimeisha, kama tulivyopatana. Maksai alikuwa amesimama nyuma yangu, kichwa ndani ya beseni. Nikamwambia bado ana dawa mwilini. Akahesabu kwa vidole. Nikamwambia amechomwa tena. Hakuwa amechomwa. Alirudi baada ya mwezi mwingine, nikamjibu vilevile, naye akanitazama jicho moja akaenda zake.

Mara ya tatu alikuja kipindi cha baridi. Nilikuwa mashineni, na nilipofika nyumbani nikamkuta amesimama uani, mke wangu yupo kwenye kigoda anapepeta uwele, anamweleza bila kuinua uso kwamba haiwezekani, ng'ombe amechomwa jana. Hakuwa amechomwa jana. Alikuwa amechomwa wiki tatu zilizopita.

Mchinjaji akanigeukia. "Eti ni kweli, mtani? Jana?"

Mimi sina tabia ya uongo, na hapa kijijini kila mtu anajua. Nikasema jana, asubuhi, shingoni. Mke wangu akaendelea kupepeta.